Kukinga maji ya mvua nyumbani: kutoka bati hadi mfereji, kwa nyumba za Unguja na Pemba

Mwongozo huu ni kwa mwenye nyumba ya bati au ya zege, mwenye nafasi ya kuweka tangi uani au pembeni mwa ukuta, na aliyechoka kuamka usiku wa manane kusikiliza kama mfereji, yaani bomba la kutekea maji, umeanza kutoa. Sikwambii uachane na maji ya ZAWA, mamlaka ya maji ya Zanzibar, wala ufukie kisima chako. Maji ya mvua yakae pembeni mwa hayo mengine: ya kunywa na kupikia pale ambapo kisima kina chumvi, ya kufulia na kuogea pale ambapo mfereji una siku zake.

Mvua tunayo. Unguja hupata wastani wa milimita 1,600 hivi kwa mwaka, na Pemba hupata zaidi. Tabu ni kwamba haiji kwa mpangilio wa mahitaji yetu. Masika, Machi hadi Mei, ndiyo inayoshusha maji mengi, na Aprili peke yake mara nyingi hupita milimita 300. Vuli, Oktoba hadi Disemba, inafuata. Baina yake kuna vipindi viwili vya kujihesabia: kiangazi cha Januari na Februari, na kipupwe cha Juni hadi Septemba, ambacho kina mvua za mchoo za hapa na pale, zinazotosha kulowesha nguo ulizoanika lakini si kujaza tangi.

Upande wa mashariki ya Unguja, kule uwandani, kuanzia Makunduchi na Jambiani hadi Paje na Michamvi, mvua ni haba kuliko magharibi, na visima vingi vina chumvi. Jiwe la matumbawe halishiki maji. Mvua inazama papo hapo, inakaa chini kama tabaka jembamba la maji baridi juu ya maji ya bahari, na kisima kikivutwa kupita kiasi chumvi hupanda. Kwa hiyo wanaolihitaji sana tangi la mvua ndio wenye mvua chache, na hao ndio wanaotakiwa kupiga hesabu kwa makini kuliko wengine.

Nitakwenda kwa mpangilio wa kazi yenyewe, lakini nitakaa zaidi kwenye gata, yaani mchirizi wa ukingoni mwa paa, na kwenye maji ya mwanzo ya kila mvua. Hapo ndipo shughuli nyingi huharibika. Mtu ananunua tangi la lita 5,000, fedha zinamwishia, gata anaifunga kwa waya wa kubahatisha, na masika yote tangi linapokea robo ya maji ya paa, tena robo yenyewe ikiwa chafu. Ikiwa fedha hazitoshi vyote, punguza tangi. Gata usiipunguze.

Kwanza, panda ulitazame paa

Bati ndilo bora: linatoa maji upesi, halinywi, na jua la mchana linalichoma hata vijidudu vingi vinakufa. Bati jipya la alizinki au la rangi, lile la msauzi, halina neno. Bati lenye kutu ya juu juu pia linafaa kwa maji ya kufulia. Likishatoboka, badilisha kwanza. Kama limepakwa rangi ya zamani usiyoijua, maji yake yasiwe ya kunywa, kwani rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi.

Vigae vinafaa, ila vinakunywa sehemu ya mvua na huota ukungu. Sakafu ya zege juu ya nyumba inafaa pia, ikiwa ina mteremko na haituamishi maji. Lakini kama hiyo sakafu ndiyo unayoanikia karafuu au dagaa, chagua moja. Kufagia peke yake hakutoshi kuiondoa harufu ya dagaa kwenye chai.

Makuti usijisumbue nayo kwa maji ya kunywa. Yanatoa maji ya rangi ya chai yenye vumbi na wadudu, na kiasi chake ni kidogo. Nyumba ya makuti yenye kibanda cha jiko au choo cha bati inaweza kukinga kutoka kwenye kibanda hicho. Hata mita za mraba 12 zinatoa maji ya maana katika Aprili.

Paa za zamani za asbesto ni jambo jingine. Usizikate, usizitoboe, usizisugue kwa brashi kavu, maana vumbi lake likivutwa kifuani ni hatari. Maji yake yaache yaende bustanini.

Tazama pia kilicho juu ya paa. Tawi la mwembe au mkungu linaloning'inia ni majani, ni mavi ya kunguru na popo, tena ni njia ya panya. Kata matawi mpaka yawe mbali na ukingo wa paa kiasi panya asiweze kuruka. Mnazi ulioinamia nyumba una hatari zake nyingine unazozijua.

Hesabu: milimita moja, mita moja, lita moja

Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba inatoa lita moja ya maji. Basi pima urefu na upana wa nyumba chini, pamoja na upenu unaotokeza nje ya kuta. Usipime mteremko wa bati, kwa sababu mvua huanguka kutoka juu na kinachohesabiwa ni kivuli cha paa ardhini.

Tuseme paa ni mita 10 kwa 8, yaani mita 80 za mraba. Kwa bati, hesabu asilimia 80 ya mvua. Iliyobaki inaruka, inakauka au inamwagika. Mvua moja nzuri ya milimita 30 inakupa 80 × 30 × 0.8, sawa na lita 1,920. Kwa mwaka wa milimita 1,600 ni zaidi ya lita 100,000. Namba hiyo ya mwaka inafurahisha lakini haisaidii kununua tangi, kwa sababu sehemu kubwa yake itashuka katika wiki chache za masika na huna pa kuiweka.

Tangi linapimwa kwa ukame. Jiulize: baina ya mvua ya mwisho ya maana na inayofuata, hupita siku ngapi kwetu? Kwa sehemu nyingi za visiwa hivi, chukua siku 75 kama kipimo cha kuanzia, na uwandani ongeza. Halafu jiulize unayataka maji kwa kazi gani. Nyumba ya watu sita inayotumia lita 5 kwa kila mtu kwa siku, za kunywa na kupikia tu, inahitaji lita 30 kwa siku, au lita 2,250 kwa siku 75. Tangi la lita 3,000 linawatosha. Wakitaka na kuoga na kufua, tuseme lita 20 kwa kila mtu, inakuwa lita 120 kwa siku na lita 9,000 kwa kipindi kizima, yaani tangi la lita 10,000 au mawili ya 5,000.

Maoni yangu ni haya: anza na ya kunywa na kupikia. Tangi dogo lililofungwa vizuri linakuondolea gharama ya kununua maji ya madumu kila wiki, na unajifunza tabia ya paa lako kabla hujaingia gharama kubwa. La pili utaliunganisha baadaye.

Gata

Gata unaweza kununua iliyo tayari ya plastiki, au ukapasua bomba la plastiki katikati kwa msumeno, au fundi bati akakunjia kutoka kwenye bati bapa. Karibu na bahari mimi nashauri plastiki. Upepo wa chumvi wa pwani unakula bati lililokunjwa, hasa pale lilipokunjwa na pale lilipotobolewa, na vishikio vya chuma vyembamba ndivyo vinavyotangulia kuanguka. Kama lazima viwe vya chuma, viwe vinene na vilivyochovywa zinki.

Ukubwa wake uhesabu hivi: kila mita moja ya mraba ya paa inayomwaga kwenye gata hiyo ihitaji sentimita moja ya mraba ya uwazi wa gata. Bomba la inchi 4 likipasuliwa katikati lina uwazi wa sentimita 45 hivi za mraba, basi linatosha upande mmoja wa paa wa mita 45 za mraba. Nyumba yetu ya mfano yenye miteremko miwili, kila mmoja mita 40, inatosheka na bomba hilo. Paa kubwa zaidi, la skuli au la msikiti, linataka inchi 6. Usidharau hesabu hii. Katika dakika kumi kali za masika, mvua ikinyesha kwa kasi ya milimita 100 kwa saa, mteremko wa mita 40 unamwaga zaidi ya lita moja kila sekunde. Gata nyembamba hapo inafurika mbele ya macho yako, na tangi likiwa bado nusu.

Mteremko wa gata yenyewe uwe sentimita moja kwa kila mita, au angalau nusu sentimita. Usikisie kwa jicho. Ubao wa ukingoni mara nyingi wenyewe umepinda. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha, ujaze maji, weka alama mwanzo na mwisho, vuta kamba ya fundi baina yake, kisha pigilia vishikio kufuata kamba. Vishikio viachane sentimita 60 hivi, visizidi 90, kwa sababu gata iliyojaa maji ni nzito na ikilegea katikati inafanya kidimbwi, na kidimbwi ni kitalu cha mbu.

Ukuta ukizidi mita kumi, usiteremshe gata upande mmoja tu. Ule mwisho wa chini utakuwa mbali mno na bati, na maji ya kasi yataruka juu yake. Anzia katikati, teremsha pande mbili, na weka mabomba mawili ya kuteremshia.

Bati litokeze ndani ya gata kiasi cha theluthi ya upana wake. Likitokeza zaidi, mvua kubwa inaruka nje. Likipungua, mvua ndogo inarudi nyuma na kulowesha ubao mpaka uoze. Kwa paa lenye mteremko mkali, kunja kipande kirefu cha bati jembamba, kipigilie juu ya ukingo wa paa ili kining'inie mbele ya maji, yapige hapo na kuangukia ndani. Ni kazi ndogo, na inaokoa maji mengi ya masika.

Ukimaliza, usingoje mvua. Mwaga ndoo ya maji ncha ya juu na uyatazame yanavyokwenda. Yakituama mahali, rekebisha siku hiyohiyo wakati ngazi bado iko na fundi hajalipwa.

Maji ya mwanzo hayaingii tangini

Hii ndiyo sehemu inayotenganisha maji ya kunywa na maji ya kuoshea baiskeli. Katika siku za jua paa linakusanya vumbi, moshi wa jiko, mavi ya ndege na mijusi, majani, na kwa nyumba za pwani chumvi pia. Dakika za kwanza za mvua zinayashusha yote. Yaache yapite, na kinachofuata ni maji safi ya ajabu.

Kiasi cha kutupa ni nusu lita mpaka lita moja kwa kila mita ya mraba ya paa. Kwa mita 80 ni lita 40 kwa uchache. Baada ya ukame mrefu chukua kile kikubwa.

Njia rahisi kabisa ni bomba la kuteremshia lisilogundishwa mwishoni: mvua ikianza unaligeuza limwage nje, baada ya dakika kumi na tano unalirudisha kwenye tangi. Inafanya kazi kwa mtu anayekaa nyumbani kutwa na mwenye usingizi mwepesi. Kwa wengine wote, jenga linalojifanyia kazi lenyewe.

Linajengwa hivi. Bomba linaposhuka kutoka kwenye gata, kabla ya kufika tangini, weka tii, kiungo cha bomba chenye midomo mitatu. Mkono mmoja wa tii uende tangini kwa ulalo. Mkono wa chini ushuke wima mpaka karibu na ardhi, kwa bomba la inchi 4, na mwisho wake ufungwe kwa kizibo cha skrubu. Maji ya mwanzo yanashuka wima na kujaza bomba hilo la chini. Likishajaa, yanayofuata hayana pa kwenda ila tangini. Bomba la inchi 4 linabeba karibu lita 8 au 9 kwa kila mita ya urefu, basi mita 2 zinabeba lita 17 hivi. Hazitoshi kwa paa la mita 80, kwa hiyo mwisho wake uunganishe na dumu la lita 20 au pipa dogo lililozibwa kabisa, na uweke bomba kama hilo kwa kila mteremko wa paa. Pipa likiwa na tundu linalovujisha maji mengi, mpango wote umevurugika, kwani bomba halitajaa na maji masafi yatamwagikia nje.

Kwenye kizibo cha chini toboa tundu dogo la milimita 2. Litatonesha na kulimaliza bomba ndani ya saa kadhaa, ili liwe tupu kwa mvua nyingine. Weka ndoo chini ya tundu. Maji hayo yanafaa kumwagia mgomba. Kila mwezi wakati wa mvua fungua kizibo, utatoa tope ambalo lingekuwa tumboni mwako.

Juu, pale bomba linapopokea kutoka kwenye gata, weka kikapu cha wavu wa waya kuzuia majani. Watu wengine hufunga kitambaa kwenye mdomo wa tangi. Kitambaa kinachuja vizuri wiki ya kwanza, kisha kinaziba, maji yanamwagika pembeni, na kwa kuwa hakuna anayepanda kukifua, kinabaki huko kikiota ukijani. Wavu mgumu unaosafishika ni bora.

Na mvua ya kwanza kabisa ya masika, na ya kwanza ya vuli, iache yote ipite nje. Najua inauma kuitazama inavyotiririka baada ya wiki za kungoja.

Tangi na msingi wake

Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 5,000 likijaa ni tani tano zimekaa mahali pamoja. Udongo wa kujaza, mchanga mtupu, au matofali yaliyopangwa bila saruji hayawezi. Mwaga jukwaa la zege lililonyooka, pana kuliko kitako cha tangi kwa sentimita kumi au zaidi kila upande, lisilo na kokoto zilizotokeza, kwa sababu tangi la plastiki likikalia ncha ya jiwe litapasuka hapo. Jukwaa liwe juu kiasi ndoo iingie chini ya mfereji. Kila mita ya kupandisha inaongeza nguvu kidogo tu ya maji, kwa hiyo usijenge mnara kwa ajili ya bafu la kurusha. Pampu ndogo ni rahisi kuliko mnara.

Tangi la plastiki jeusi halipitishi mwanga, na pasipo mwanga ukijani hauoti. Liweke upande wa nyumba usiopigwa na jua la mchana ikiwezekana.

Birika la kujengwa chini ya ardhi ni jambo la zamani kwetu na lina faida zake: maji yanabaki baridi na uani hapabanwi. Mfano hai uko kisiwa cha Chumbe, kusini ya mji wa Unguja, ambacho hakina kabisa maji yasiyo na chumvi. Nyumba saba za wageni pale zilijengwa na paa pana makusudi, mvua inachujwa na kuingia kwenye birika chini ya nyumba, na pampu ya mkono inayapandisha. Lakini uwandani kuchimba jiwe ni kazi nzito na ghali, birika likipata ufa huoni maji yanapokwenda, na kama liko karibu na shimo la choo, ufa huohuo unaingiza yasiyotakiwa. Ukijenga, liwe mbali na choo, upande wa juu wa mteremko, lipakwe plasta ya saruji yenye dawa ya kuzuia maji, na mdomo wake uinuke juu ya ardhi, uwe na mfuniko unaofungwa kwa kufuli. Watoto huzama kwenye mabirika.

Vitu vya kuunganisha kwenye tangi ni hivi. Bomba la kuingiza lishuke ndani mpaka karibu na chini, kisha lipinde kutazama juu, ili maji yanayoingia yasilitibue tope lililotulia. Mfereji wa kutekea uwe sentimita 10 mpaka 15 juu ya kitako, kwa sababu hiyo ya chini ni ya tope. Chini kabisa weka kizibo cha kumwagia. Juu weka bomba la kutoa maji yanapozidi, lisiwe jembamba kuliko la kuingiza, na liyapeleke mbali na msingi wa nyumba, kwenye migomba au mpapai. Usilimwage kwa jirani.

Tangi la mvua usiliunganishe moja kwa moja na bomba la mamlaka. Shinikizo la mtandao likishuka, maji ya tangi yanaweza kurudi nyuma kwenye bomba la umma. Na usichanganye ya mvua na ya kisima cha chumvi ndani ya tangi moja. Utakuwa umeyapoteza yote mawili.

Mbu, panya na mijusi

Mbu wa homa ya dengi anapenda maji safi yaliyotulia karibu na watu, na tangi la wazi kwake ni nyumba ya kulala wageni. Anauma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakikuokoi naye. Ziba kila tundu: mdomo wa juu, bomba la kutoa ziada, hata pengo la bomba la kuingiza, kwa wavu wenye matundu yasiyozidi milimita moja. Wavu wa madirisha unatosha; wa plastiki au wa shaba unadumu kuliko wa chuma.

Wavu huohuo unazuia panya na mijusi. Mkojo wa panya hubeba vijidudu vya homa ya mgunda, ile iliyozuka Lindi mwaka 2022, na huwezi kuviona kwa macho.

Kabla ya kunywa

Chuoni, kwenye madrasa, tulisomeshwa maji saba ya kujitwaharishia, na ya kwanza kutajwa ni maji ya mvua. Kwa udhu na josho huna shaka nayo. Tulisomeshwa pia kwamba maji yakifika kullatein, takriban lita 200, hayanajisiki kwa kuingiwa na kitu mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Hukumu hiyo ni ya tohara. Tumbo lina hesabu nyingine: tangi la lita 5,000 alimofia mjusi linaweza kuwa tohara kwa udhu na bado likamharisha mtoto wa mwaka mmoja. Usizichanganye hukumu hizi mbili.

Kwa kunywa, chagua njia moja na uifuate kila siku. Kuchemsha mpaka yatokote ndiyo ya uhakika. Kidonge cha klorini cha lita 20 kinafaa kwa dumu: tia, tikisa, ngoja nusu saa, au fuata kilichoandikwa kwenye pakiti. Pasipo kuni wala vidonge, jaza chupa za plastiki zinazoonyesha, zisizozidi lita 2, zilaze juu ya bati kwenye jua kali kwa saa sita. Mawingu yakiwa mengi, siku mbili. Ukishayasafisha, yaweke kwenye chombo chenye mfereji au mdomo mwembamba. Mtungi wa wazi unaochotwa kwa kata na kila mkono unaharibu kazi yote ya nyuma.

Tangi zima likiwa limechafuka, yaani umekuta mnyama ndani, au watu wa nyumba wameugua matumbo, toa mzoga kwa mikono iliyofunikwa, mwaga kama unaweza, usugue. Kama huwezi kumwaga kwa sababu ni Februari na hakuna mengine, tia dawa ya klorini ya nguoni isiyo na manukato wala sabuni. Ile yenye nguvu ya asilimia 3.5, tia mililita 140 kwa kila lita 1,000 za maji yaliyomo. Yenye nguvu zaidi, punguza kwa kadiri. Koroga kwa mti safi mrefu, ngoja saa 24, ndipo utumie, na ya kunywa endelea kuyachemsha.

Ladha ya maji ya mvua itakushangaza mwanzoni, hasa kama umezoea kisima cha uwandani. Hayana madini, yamepooza. Chai yake lakini ni safi, kunde zinaiva upesi, na sabuni inatoa povu mpaka unatumia nusu ya ulivyozoea.

Ratiba

Mwisho wa Februari, kabla ya masika, tangi linakuwa karibu tupu. Huo ndio wakati wa kuingia au kunyoosha brashi ndefu, kumwaga tope la chini, kufagia paa, kukagua vishikio vya gata na kushona wavu uliochanika. Anayeingia ndani ya tangi au birika asiwe peke yake. Hewa ya chini inaweza kuwa nzito, na mtu akizimia bila mwenzake juu ni msiba. Rudia ukaguzi wa paa na gata mwishoni mwa Septemba kabla ya vuli. Tope linaweza kungoja.

Katika mvua, kila wiki safisha kikapu cha majani. Katika ukame, chovya kijiti kirefu safi mara moja kwa wiki, pima kina cha maji, na ulinganishe na siku zilizobaki. Kikionyesha nusu na bado Januari haijaisha, funga matumizi ya kufulia, acha ya kunywa na kupikia.

Ukiona kila masika tangi linajaa kabla ya Aprili kwisha na maji ya ziada yanakwenda migombani mpaka Mei, ndipo ununue la pili. Liweke kwenye jukwaa lenye kimo sawa na la kwanza, uyaunganishe kwa bomba la chini lenye koki katikati. Koki hiyo ikifungwa unaweza kusafisha moja huku jingine likiendelea kutumika.